Ndala Iliyopinduka

Mama, shikamoo. Huku Bagamoyo jua linachoma, ila pweza ni mtamu. Kazi ya filamu inakwenda, tatizo ni ndala. Mwongozaji anataka kila msiba unapokaribia, ndala ionekane mlangoni imepinduka, soli juu, watazamaji washtuke mapema. Bi Zuhura, mwenye nyumba tunamopigia picha, kila akipita anaigeuza.

Mwongozaji akamwambia, "Bibi, hiyo ni ishara tu."

"Ndiyo maana naigeuza, mwanangu. Nyie mtaondoka, mimi nalala humu."

Nimecheka, kisha nikazikumbuka ndala za marehemu baba, unavyozifuta vumbi na kuzipanga mlangoni kana kwamba yumo ndani. Usimpe mtu, mama. Nikirudi nizikute pale pale.

Mwanao, Rehema