Vidonge vya Shangazi

Machi 3

Kwa mwanangu Wakili,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo. Mimi sijambo, ila presha ndiyo ile ile. Zahanati wamenibadilishia vidonge, na hivi vipya vinanipeleka chooni mpaka nimejuana na kila mjusi wa mle ndani. Mengine mema. Kwaya wameleta kitambaa cha majoho mapya, na yule mama wa sauti ya tatu kanenepa tena. Nimempima mara mbili nikidhani futi imeharibika.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Dereva wa lori la vitabu alipita hapa, akaniambia huko kanisani huonekani tangu mwaka jana, na kwamba kazini umesema mbele za watu Biblia ni maneno ya watu tu. Nikamwambia amesikia vibaya. Mwanangu alihubiri hapa madhabahuni akiwa bado na chunusi usoni, akina mama wakalia.

Niambie mwenyewe. Nimekulea tangu kaka yangu na mama yako walipofariki, nikakuita Wakili kwa sababu ulibishia hata saa ya kulala, lakini sijawahi kukuchapa kwa kusema kweli.

Shangazi yako

Machi 17

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ingawa mke wangu siku hizi haongei sana. Pole na presha, na pole kwa mijusi.

Dereva amesikia vizuri. Unajua kazi yangu ni kujalidi. Karatasi zinatoka mashineni kubwa kama shuka, tunazikunja, tunazipanga mafungu mafungu, ndipo zinashonwa ziwe kitabu. Tulipopewa kazi ya Biblia, mafungu yalichanganyika mezani. La Samweli likalala kando ya la Mambo ya Nyakati, nami nikasoma habari ya Daudi kuwahesabu watu. Huku Mungu mwenye hasira ndiye aliyemchochea. Kule ni Shetani. Nikadhani ni kosa la mtambo. Nikaenda nyumbani kufungua Biblia yangu, ile uliyonipa wewe, nikakuta ni hivyo hivyo. Miaka yote niliyohubiri sikuona, kwa sababu nilikuwa nasoma kipande kimoja kimoja. Baada ya hapo nikaona mengine mengi.

Lakini sitaki kukuficha, si Daudi aliyenitoa kanisani. Ni binti yangu. Ulikuwepo. Wazee walikuja na mafuta kama Yakobo alivyoagiza, wakampaka, wewe ukamshika miguu. Yakobo anasema mgonjwa akiombewa kwa imani ataokoka. Hakuweka "labda" popote, nimetafuta. Mtoto akafa watu wakiwa bado wanaimba. Tangu hapo nikijaribu kuomba naona naongea na ukuta, na ukuta angalau nauona.

Mwanao

Aprili 5

Kwa Wakili wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikaifunga cherehani mchana kutwa. Mteja akaja kuchukua suruali yake, nikampa ya mtu mwingine.

Kuhusu Daudi, nawe umeacha kazi ya Mungu kwa hilo? Shetani ni mbwa wa mnyororo, hafiki mbali kuliko alivyofunguliwa. Mwandishi mmoja kamtazama aliyeshika mnyororo, mwingine kayatazama meno. Mimi na fundi wa jirani tukimpima mtu mmoja kiuno, mimi nitaandika langu na yeye lake, lakini mtu yupo! Hujawahi kusikia mashahidi wanaofanana neno kwa neno? Hao ndio waliofundishwa cha kusema.

Kuhusu mtoto, mwanangu, ile miguu niliishika. Ilikuwa ya moto, halafu ikawa si ya moto tena, nami nikaendelea kuimba kwa sababu niliogopa kunyamaza. Nimemwuliza Mungu na hajanijibu. Lakini naendelea kumwuliza yeye, siendi kuuliza kwa mwingine. Imani yangu ndiyo hiyo, haina mapambo. Njoo tumwulize pamoja, hata kwa matusi. Ahadi ya Yakobo ingali ahadi, na siku moja tutaelewa.

Shangazi yako

Aprili 28

Shangazi,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

"Siku moja tutaelewa" ni maneno ya kumwambia mtu ambaye hajazika. Umeniita Wakili, basi ngoja nikuulize kama wakili. Kila asubuhi kabla hujapiga magoti unameza kidonge. Nimekuona tangu niko shule ya msingi. Kidonge kwanza, sala baadaye. Kama ahadi ni ahadi, mbona huwaiti wazee wakupake mafuta, ukavitupa?

Kwa binti yangu mlisema tungoje kupambazuke, tusikimbilie hospitali kama watu wasio na Mungu. Nikangoja. Kwako wewe ni zahanati kila mwezi, na wakikosa dawa unagombana nao dirishani. Mkuki kwa nguruwe, Shangazi. Hata wewe huamini. Tofauti yetu ni kwamba mimi nimesema wazi.

Samahani kwa ukali. Lakini jibu hilo.

Mwanao

Mei 9

Kwa mwanangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu u mzima.

Umesema kweli. Nimeisoma barua yako mbele za Mungu, nikaona aibu. Mimi ndiye niliyesema tungoje kupambazuke. Si wazee, ni mimi. Wao walinifuata kwa kuwa mimi ni shangazi mtu.

Jumapili nimewaita wakanipaka mafuta. Vidonge nimevirudisha zahanati, nikawaambia wampe mwenye haja. Nimeweka nadhiri kwamba sitameza tena hata kimoja mpaka umrudie Mungu. Ukirudi, nitajua anasikia. Na wewe utajua, kwa sababu utaniona nimesimama.

Usihuzunike. Sina hasira na wewe hata chembe.

Shangazi yako

Mei 18

Shangazi, shikamoo, shikamoo tena,

Nakuomba. Yale yalikuwa maneno. Nilikuwa na uchungu, nikataka nawe uumie kidogo, basi. Sikutaka uache dawa! Ulimi hauna mfupa, na kalamu nayo vivyo hivyo. Nimempigia jirani yako muuza mkaa akuite kwenye simu, akarudi kuniambia umesema mambo haya si ya simu.

Kama hunisikii mimi, wasikie wa kwako. Luka alikuwa tabibu, na hakuna aliyemwambia atupe mkoba. Paulo alimshauri Timotheo anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakumwambia ajipake mafuta angoje. Mfalme Hezekia aliombewa na nabii mzima, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Sala na tini, Shangazi, vyote viwili! Yamo humo humo kwenye kitabu chako.

Bosi hatoi ruhusa. Vitabu vya shule lazima vitoke, na ameapa kwamba atakayeondoka asirudi. La sivyo ningekuwa hapo mlangoni kwako leo. Nenda zahanati. Nakupigia magoti.

Mwanao

Juni 4

Kwa Wakili wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka muuza mkaa akaja kuuliza kuna nini. Tangu lini Paulo ni rafiki yako? Juzi ulikuwa unasema ni maneno ya watu, leo unanihubiria kutoka Isaya, tena vizuri kuliko mchungaji wetu. Unaona? Bado yamo ndani yako. Nadhiri imeanza kufanya kazi.

Kichwa kinagonga kidogo upande wa nyuma, na asubuhi naona vinyota vinyota. Joho moja nimelishona mkono nyuma mbele, nikalifumua, nikarudia kosa lile lile. Uzee tu. Zahanati wamemtuma muuguzi mara moja, nikampa chai, akaenda.

Nadhiri ni nadhiri, mwanangu. Siwezi kumwambia Mungu nilikuwa natania. Ukitaka nimeze, njia unaijua.

Shangazi yako

Juni 15

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari nilizo nazo ni fupi. Jumapili nilikwenda kanisani. Nilikaa benchi la nyuma. Walipowaita wanaotaka kuombewa, nikasimama. Mke wangu alilia.

Nimerudi. Umeshinda kesi. Sasa nenda zahanati leo hii, usingoje kesho, umeze dawa kama ulivyoahidi.

Mwanao

Juni 27

Mwanangu, mwanangu, mwanangu!

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia mara tatu. Jumapili nimeisoma mbele ya kanisa zima. Akina mama wamepiga vigelegele mpaka mchungaji akasahau hubiri lake, na hakuna aliyemkumbusha. Mama wa sauti ya tatu amenibeba juu. Sasa nimejua ule unene ni wa nini.

Kuhusu vidonge, sikiliza. Nilianza kwenda zahanati, nikafika njiani, nikasimama. Nikajiuliza, kama Mungu amefanya lile gumu la kukurudisha wewe, na ubishi wako wote, atashindwa na presha? Nikageuka. Nimepona, Wakili. Kichwa bado kinagonga, na jana nilidondosha kikombe bila sababu, lakini hizo ni hasira za Shetani anayefunga virago. Sina haja ya dawa tena.

Asante kwa kunirudishia maisha yangu.

Shangazi yako

Julai 5

Shangazi,

Shikamoo. Uko peke yako? Kama kuna mtu anasoma nawe, mwambie atoke.

Nilikudanganya. Sikwenda kanisani. Jumapili ile nilikuwa kazini nikipaka gundi migongo ya vitabu, na mke wangu hakulia, alikuwa amelala. Niliandika uongo ule ili umeze dawa. Nilidhani utanichukia baadaye ukiwa hai, nami ningeridhika. Badala yake umeziacha kwa furaha, na ulipoziacha kwa huzuni angalau nilikuwa na la kukuomba.

Sasa nimekwama. Nikisema nimerudi, humezi kwa kuwa umepona. Nikisema sijarudi, humezi kwa ajili ya nadhiri. Hoja zote nimezitengeneza mimi, na hakuna hata moja yenye mlango wa kutokea. Basi nimechagua kweli, kwa sababu ndiyo pekee ambayo hujawahi kunichapia.

Siamini, Shangazi. Nimejaribu tena wiki hii, kwa ajili yako, nimepiga magoti kati ya mabunda ya karatasi. Hakuna kitu. Lakini nakupenda kuliko nilivyowahi kuipenda kweli, na kikombe kuanguka mkononi si hasira za Shetani, ni damu. Nenda hospitali. Kama Mungu wako yupo, hatakudai nadhiri uliyomwekea kwa sababu ya mdomo wa mjinga kama mimi.

Bosi amesema nikiondoka nisirudi. Ijumaa nachukua changu, Jumamosi nitakuwa hapo. Barua hii nampa dereva wa lori, itatangulia.

Mwanao

Julai 10, wodini

Kwa mwanangu mpenzi Wakili,

Salamu za upendo. Usishtuke kuona mwandiko mgeni. Anayeandika ni muuguzi, mimi natamka, na hata kutamka kunanipa kazi maana mdomo umekwenda upande. Nilianguka juu ya cherehani. Muuza mkaa ndiye aliyenisikia. Mkono wa kulia umelala, na mguu wake, na macho hayaoni ila mwanga. Mkono wangu wa kukatia kitambaa, fikiria. Majoho matatu yamebaki.

Lakini usilie, kwa sababu mimi silii. Nimeelewa sasa. Nilidhani nimepona mwili pia, kumbe ile ilikuwa tamaa yangu. Nilikuwa nimemwambia Mungu achukue kwangu anachotaka ila akurudishe wewe. Amekurudisha, kisha akaja kuchukua chake. Daktari anasema ni kwa sababu niliacha dawa. Nimemwambia yeye hayajui mapatano yetu. Hata mikono yote miwili ningetoa. Nikilala hapa naukumbuka mguu ule mdogo niliougusa ukipoa, na kwa mara ya kwanza moyo unatulia, kwa kuwa safari hii sikumpoteza mtoto.

Vidonge nameza. Daktari anasema kiharusi cha pili kitaniondoa, na kwamba dawa ndizo zinazokizuia. Asubuhi na jioni nafungua mdomo kama kifaranga. Nadhiri ilikuwa mpaka urudi, na umerudi, kwa hiyo niko huru kumeza. Usiwe na wasiwasi tena.

Dereva wa lori ameleta barua yako hadi hapa kitandani, na anasubiri kuichukua hii ikufikie kabla hujaondoka. Muuguzi alitaka kunisomea ya kwako, nimemkatalia. Iko chini ya mto, haijafunguliwa. Nimewaambia akina mama wa kwaya waje Jumamosi, na mchungaji pia, wakizunguke kitanda, ili uifungue wewe mwenyewe na uisome kwa ile sauti yako ya madhabahuni. Nataka wakusikie kwa masikio yao, na mimi zaidi yao.

Usiruke hata neno moja. Njoo salama.

Shangazi yako