Mwisho wa Hadithi ya Mama Neema

Dada Zawadi mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Mbarara, ambako nimepata kadi hii. Jana nilikuwa kambini Nakivale, nikiwafundisha wakimbizi kuandika hadithi fupi. Mama Neema, mfugaji wa Kivu Kusini, alikuwa ameandika juu ya mumewe, aliyerudi kutafuta ng'ombe wao vita vilipokaribia. Hadithi inakomea anapoingia mtoni. Nikamsifu mbele ya wote: "Huu ndio ufundi wa mwisho wazi. Msomaji anaachwa akijiuliza."

Akanitazama. "Mwalimu, haiko ufundi. Nilikoma pale sababu sijue kama alivuka."

Niliona haya, nikamwomba radhi. Akanirudishia daftari. "Soma tena, kwa nguvu. Pengine kuko mutu humu alimuona."

Nikasoma polepole, nikataja jina la mumewe na koti lake la kijani. Darasa zima lilisikiliza, lakini hakuna aliyekuwa amemwona. Mama Neema akalifunga daftari, akasema, "Jumapili utabasomea watu kwa kanisa."

Nimekubali, kwa hiyo nitachelewa kurudi. Mwambie Mama niko mzima. Mwambie leo hii, kabla hujaketi.

Ndugu yako akupendaye,
Eliya