Springi ni Springi

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, tena naomba uniwahishe, maana jambo lenyewe ni la Jumapili hii na mimi sikai wala sisimami.

Nina miaka arobaini na moja, nauza magodoro, na ugonjwa wangu ni magari. Kila Jumamosi asubuhi wapenzi wa magari tunakutana kwenye maegesho nyuma ya soko, boneti wazi, kila mtu na lake, na mimi ndiye msemaji kuliko wote, nasema gari la umeme ni friji lenye magurudumu, nasema anayefunga ekzosi ya makelele kwenye injini ndogo ni kama mtu mfupi aliyevaa kofia ndefu, nasema mshindi wa mbio hapatikani kwenye mafuta, anapatikana kwenye breki, na wenzangu wanacheka mpaka wameniita Profesa, wala sijawahi kuwaambia kwamba gari langu mwenyewe ni la gia otomatiki na anayeliendesha zaidi ni mke wangu.

Sasa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, anashindana mbio za kupanda mlima, na mdogo wangu hukaa pembeni yake kumsomea kona. Wiki tatu zilizopita shemeji akaniuliza mbele ya watu, "Profesa, gari linalala sana kwenye kona, nilishushe vipi? Springi fupi naambiwa mpaka ziagizwe." Watu wote wakanigeukia, na mimi badala ya kusema sijui nikasema, "Ziagizwe za nini? Kata duara moja na nusu. Springi ni springi!" Wakapiga makofi. Mshauri, springi ninazozijua mimi ni za magodoro, niliwahi kuona kiwandani wakizikata na godoro likatoka gumu, zuri, basi elimu yangu yote ni hiyo.

Wiki iliyopita nikamdokezea fundi mmoja asiyenijua, kimzaha tu, akaniangalia akasema, "Huyo aliyekwambia hivyo, mnapatana kweli?" Nikatoka hapo bila hata kumuaga. Na juzi mdogo wangu kanipigia anacheka, "Kaka, gari limechuchumaa kama chura! Shemeji yako amekata kama ulivyomwambia. Jumapili uje utuone." Nikasema nitakuja, nikakata simu, nikaanza kupanga magodoro yaliyokwisha kupangwa. Nataka kumwambia, nasita, maana shemeji atanitangaza kwenye kundi letu la simu na nitachekwa mwaka mzima, halafu nawaza pengine fundi yule amezidisha, pengine hakutatokea lolote, halafu gari likigonga shimo nje ya duka nashtuka na kudondosha nilichoshika. Nimwambie, au ningoje nione? Au kuna namna ya kumfanya azibadilishe bila kujulikana kwamba mimi ndiye niliyekosea?

Muuza Magodoro

---

Marahaba, Muuza Magodoro. Nimemwomba mhariri aondoe barua nyingine ili hii itoke leo Ijumaa. Uliandika namba yako ya simu chini. Nimekupigia mara tatu, hupokei. Basi nitakusema hapa hapa, mbele ya watu.

Kwanza nikueleze, maana nilifundisha ufundi wa magari miaka ishirini na sita na tabia ya kueleza haijanitoka. Springi ya godoro imefungwa juu na chini, haina pa kwenda. Springi ya gari imekaa tu kwenye kikombe chake, na kinachoibana hapo ni uzito wa gari. Gari likiruka tuta, gurudumu linaning'inia, na springi iliyokatwa haifiki tena juu. Inalegea, inapinda. Gari linapotua, springi haipo mahali pake, na dereva akikata usukani gari linakwenda linakotaka lenyewe. Hapo ni mlimani, kwa mwendo wa mashindano, na mdogo wako ameinamia karatasi ya kona. Fundi yule hakuzidisha hata kidogo.

Sikukemei kwa kupenda magari. Lile la breki ni kweli tupu, ningelisikia darasani ningekupa alama. Ongea upendavyo kuhusu ekzosi, hakuna atakayevunjika mguu. Lakini shemeji yako alikuja na swali la kweli, nawe ukamjibu kama mnapiga soga. Makofi ni matamu, nayajua. Siku moja mwanafunzi aliniuliza nisilolijua, nikabuni jibu, likapendeza sana, asubuhi yake ilinibidi nisimame mbele ya darasa zima niseme, "Futeni niliyowaandikisha jana, nilidanganya." Walicheka. Mmoja alicheka mpaka akatoka nje. Kisha wakafuta.

Unauliza kama ipo namna ya kutojulikana. Hakuna, na ni aibu kuuliza.

Mpigie mdogo wako, si mumewe, maana roho ni yake na ana haki ya kukataa kupanda. Sema hivi bila kupamba: "Nilisema nisichokijua. Gari hilo usilipande." Usimwambie "nimesikia", usimwambie "kuna fundi anadai". Kisha nenda kwa shemeji yako kwa miguu yako, umwambie maneno hayo hayo, hata kama wenzake wapo. Zilizokatwa hazirudi, kwa hiyo wewe ndiwe utakayezunguka kwa wauza vipuri vilivyotumika kutafuta springi nzima za gari kama lile. Zikikosekana, hakuna kushindana Jumapili. Akikaidi, uwe wa kwanza kufika kwa wakaguzi wa mashindano, uwaonyeshe mahali palipokatwa. Atakuchukia. Vumilia, anaweza akakuchukia miaka mingi akiwa mzima na mkewe akiwa mzima.

Kama umesoma mpaka hapa ukiwa dukani, umeshachelewa dakika tano. Mteja akiingia, mwambie asubiri. Mpigie sasa.