Mama, Nyasi za Simbilisi Ndizo Zilizokuua

Mama,

Nimemvunja kaka Deo mkono. Nilitumia mchi wako wa kutwangia ulezi, na mfupa niliusikia ukilia. Najua ungenizaba kibao kabla sijamaliza kueleza, lakini sasa huwezi, kwa hiyo sikiliza.

Siku ya kuanua tanga watu walikuwa wamekunywa. Mmoja akasema moto hauwezi kutoka mafigani, ukateketeza jiko zima na mtu ndani, bila mkono wa mtu. Kufika jioni walikuwa wameshampata mchawi: Mama Skola. Mama Skola huyuhuyu, jirani yako wa kuazimana chumvi, aliyekuvuta kutoka kwenye moto mpaka viganja vyake vikabaki nyama tupu! Wakasema hiyo ndiyo dalili yenyewe, kwamba mchawi huunguzwa na dawa yake.

Walivunja mlango wake kwa shoka. Walimburuta kwa mguu hadi uani, wakampiga mateke, na Deo akanyanyua panga. Hapo ndipo nilipompiga. Panga likaanguka, nikalikanyaga, nikapiga kelele neno ambalo sikutaka kulisema mbele za watu: "Ni nyasi! Mama ameuawa na nyasi za simbilisi wake mwenyewe!"

Walicheka. Kila mtu alijua kwamba nyasi kavu ulikuwa ukiwamwagia wanyama wako hao wadogo wa kitoweo kwenye kona ya mbali ya jiko, si karibu na moto. Nikawaambia basi njooni muone. Mama Skola naye anafuga. Nikamwaga nyasi kwenye kona ya jiko lake kama ulivyokuwa ukifanya, nikawasha moto. Tabia ya simbilisi ni ileile na baridi ya Ufipa ni ileile. Walianza kula, wakagombana, wakakimbia kila mmoja na majani yake mdomoni kwenda kuota moto. Kwa muda ambao hata maji ya ugali yasingechemka, nyasi zilikuwa zimetapakaa kutoka kona hadi mafigani. Kaa likadondoka. Moto ukarudi mbio kwenye njia hiyohiyo, na Deo, mkono ukining'inia, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuukanyaga. Hakuna aliyecheka tena. Kaka yangu alikaa chini kwenye majivu, akalia kwa sauti.

Nilikuambia, Mama. Nilikuletea banda la waya kutoka Sumbawanga, na mfuko wake wa kushikilia nyasi. Ukalifanya la kuatamishia kuku. "Simbilisi si mahabusu," ulisema, nami nikacheka kwa sababu ulikuwa unachekesha. Sasa nikikumbuka nakasirika. Mbishi wewe! Ubishi wako ulikaribia kuzikisha wawili.

Banda hilo nimempelekea Mama Skola. Nyasi zinakaa kwenye mfuko wa waya ulioning'inizwa kwa ndani. Simbilisi wanachomoa unyasi mmoja mmoja, na zinazodondoka zinazuiwa na ubao wa chini. Viganja vyake havishiki kitu bado, hivyo mimi ndiye ninayejaza kila asubuhi. Deo alikwenda kwake, akapiga magoti. "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, lakini hakumkaribisha ndani.

Jina lako limeharibika, Mama. Huko kisimani unaitwa yule aliyechomwa na simbilisi wake, na ni mimi niliyewapa neno hilo. Inaniuma. Nakupenda, na inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Lala sasa. Nakuahidi jambo moja: yeyote atakayeniuliza ulikufaje, hata wajukuu wako, hata padri, nitamjibu vilevile. Najua ukweli huo unakuaibisha. Ila wewe huwezi kupigwa tena, na Mama Skola anaweza.