Mita 768 za Lualaba

Léontine! Blanchard, ule injiniere wa kupima mto, ni bure kabisa!

Mashine yake inatuma kipimo bila waya. Leo ordinateri yake, ile kompyuta, ikasoma maji iko mita 768. 768!! Naye anapiga kelele mu mutaa yetu: "Mutoke Mikelenge!"

Jirani Pélagie akang'oa mabati ya nyumba yake akimbie nayo. Mimi mujinga nikakimbia na sufuria ya mboga ya sombe kichwani.

Kumbe maji iko mita tatu. Mashine inakata hesabu vipande viwili, kikubwa mbele. Yeye aliandikia ordinateri yake kidogo njo mbele! Basi tatu ikaingia pa kikubwa, na pale kila moja inahesabika 256.

Nikamuambia: "Wakati wa vita, kwa fonie, ile redio ya kusemeshana, tulipatana kwanza kipande kipi cha hesabu kinatangulia."

"Mama, ulisoma wapi?"

"Primaire ya tatu. Wewe uliiruka. Sasa panda juu ya nyumba, rudishia Pélagie mabati."

Blanchard iko juu kule, anashika nyundo kwa kichwa, mupini njo mbele.