Saruji Juu ya Kaburi Lisilo Lako

Butimba,
Jumapili, 14 Julai

Mama,

Shikamoo. Leo nimeapa kukueleza kila kitu, hata yale ambayo Baba amesema yabaki humu ndani. Ulikuwa ukiniambia kwamba kama barua ina la kuficha, afadhali mtu anywe chai yake akalale. Chai nimekunywa, ila usingizi umekataa.

Kipupwe kimerudi, mwaka mzima tangu tukuzike. Asubuhi upepo unapanda kutoka ziwani na kuingia hadi ndani ya sweta. Juzi wale wadudu wa ziwani walisimama juu ya maji kama moshi, kisha wakaja mjini, wakajaa kwenye taa na kwenye uji. Baba ameanza kuvaa lile koti lako la kijani. Linambana mabegani lakini hataki kulivua.

Kule makaburini kumekauka. Mijakaranda ya upande wa juu, ile iliyopandwa kwa mistari enzi za wakoloni, imepukutisha majani, na korongo wamekaa juu yake wamekunja shingo kama wazee wanaosubiri kikao. Upande wa chini ulikolala wewe, pimbi hutoka kwenye mwamba jua likichomoza na kujipanga kuota joto. Nimekuwa nikija Jumamosi na kukaa nao. Wamenizoea. Mmoja ana sikio lililochanika, naye hakimbii hata nikipiga chafya.

Mwezi uliopita ilitangazwa kwamba makaburi yale ya zamani yatakuwa na siku yao. Wageni wangekuja kutazama miti na ndege, na kwaya zingeimba. Shule yetu ikapewa usafi na wimbo mmoja. Mimi nilipangwa kwenye wimbo, kwa hiyo nilikuwa upande wa juu, chini ya mijakaranda, tukifanya mazoezi, na darasa langu likapelekwa chini na majembe.

Mwalimu aliwaambia hivi, Wande amenieleza neno kwa neno: "Penye msalaba au jiwe, palilieni kwa adabu. Pengine pote ni pori. Ng'oeni, sawazisheni, wageni wapate pa kukaa."

Wewe hukuwa na msalaba, Mama. Ulikuwa na mlamula wako. Ulipofariki, Bibi aliubeba kutoka Bukoba ukiwa umefungwa kwenye kanga, akaupanda kichwani pako kama kwao wanavyofanya kwa kila marehemu, na akasema huo watosha mpaka mwaka uishe ndipo ujengewe kaburi. Kwa Wahaya mtu akiuona tu mmea ule anajua hapa pana mtu, au hapa ni mwisho wa shamba la fulani. Anapita pembeni. Lakini darasani kwetu wengi ni Wasukuma, na Wande mwenyewe, aliyekula kwako mara ngapi, hakuujua. Aliukata kwa panga. Aliniambia huku anacheka kwamba ulikuwa mgumu, ukamrushia utomvu usoni.

Niliposhuka nilikuta uwanja. Tuta lako halikuwepo, wala matuta ya jirani zako. Walikuwa wamekokota udongo, wakamwagia maji, wakaukanyaga kwa miguu yote ya kidato cha pili hadi ukalainika kama sakafu. Mwalimu alikuwa amesimama hapohapo anawasifu. Nilimwambia, "Mwalimu, shikamoo, mama yangu yuko hapa." Akaitazama ardhi, akanitazama mimi. "Hapa wapi?" akauliza. Nikaonyesha. Akasema, "Basi sasa amepata nafasi," na wenzangu wakacheka. Sidhani kama alikusudia ubaya. Ila alilisema, na mimi nililisikia.

Siku ya wageni ilipofika walifunga hema palepale. Nguzo moja waliichimbia karibu na kichwa chako. Nikaimba, Mama. Niliimba sauti ya pili bila kukosea, huku mama mmoja mwenye kofia pana amekaa kwenye kiti juu yako, anawaonyesha wenzake korongo kwa kidole na kula sambusa.

Sasa nakuja kwenye lile hasa.

Wiki iliyofuata wakafika ndugu kutoka Bukoba kukujengea. Bibi hakuja, miguu imevimba. Alikuja Shangazi Adela na watu wa ukoo wa Baba, na fundi wakamchukua hukuhuku Nyegezi. Tulipofika makaburini Shangazi akauliza uko wapi, na Baba akawa anatembea anarudi, anatembea anarudi, kama aliyedondosha ufunguo. Mimi nikasema, "Ni hapa, Shangazi. Pimbi wanapoota jua ni kichwani pake."

"Pimbi!" akasema Shangazi. "Jamani sikieni. Tumesafiri usiku kucha kuja kuongozwa na pimbi."

Watu wakacheka. Halafu akaona tuta moja lililosalia karibu na njia, ambalo majembe hayakulifikia, halina jina wala maua. Akalisogelea, akalipima kwa macho. "Si hili hapa? Tena pazuri, kila anayepita ataliona."

Nikamwambia si hilo. Nikamwambia mara ya pili, nikashika mkono wa Baba. Fundi alikuwa amekwisha kuchanganya, akamwambia Shangazi kwa upole, "Mama, zege litaganda." Shangazi akanigeukia. "Wewe mtoto unatufundisha kuzika? Mama yako alikuwa hivihivi, kila jambo mpaka alisahihishe. Leo atanyamaza. Popote tutakapomwekea hatalalamika."

Baba akasema, "Shubira, mwache shangazi yako."

Wakamwaga zege. Wakabandika vigae vyeupe na jina lako lote, na msalaba, na neno Pumzika. Padri akabariki. Tukapiga picha. Shangazi alinivuta nisimame katikati, akanifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake, akamwambia mpiga picha angoje mtoto atengenezwe uso.

Nyumbani, walipoondoka wote, nilimletea Baba maji ya kuoga. Akakaa kwenye stuli bila kuyagusa. Akasema, "Nilijua si pale." Nikamuuliza kwa nini basi. Akasema watu wametoka mbali, wamevaa, padri anatazama saa, angeanzaje kuwaambia kwamba hajui alipomlaza mkewe? Kisha akasema nisimwambie mtu, hasa Bibi. Mama, sikumwonea huruma. Nimejaribu tena leo asubuhi, na nadhani nitaweza, lakini si wiki hii.

Nimemwandikia Bibi jana na kumweleza yote. Sitaki aje akapige magoti mahali ambapo hupo.

Mengine ni mazuri kidogo. Nimekuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili. Wande alipojua alichokata alikuja kwetu, akakaa mlangoni kutwa nzima mpaka nikampa jembe. Tumeweka mawe ya ziwani kuzunguka mahali pako, chini ya mwamba, na yeye ndiye aliyeyabeba mengi. Nikimaliza shule nikapata kazi, nitakujengea mwenyewe, hapo ulipo. Nakuahidi. Na lile jina lako kule njiani sitaling'oa, maana nikiling'oa yule aliye chini yake atabaki uwanjani kama ulivyobaki wewe, na kipupwe kijacho watamkanyaga pia.

Lala salama, Mama. Usione baridi.

Ila nina jambo moja, na hili nakuomba unijibu upesi, kwa ndoto au kwa namna yoyote mnayoruhusiwa. Kila Jumamosi nikija kwako lazima nipite kwake, na siwezi kumpita mtu bila salamu. Huyo uliyemwazima jina lako, ni mkubwa nimwamkie shikamoo, au ni mtoto?

Mwanao,
Shubira