Majani Ambayo Hayajafukiwa

Arusha

Mdogo wangu Kosmas,

Pokea salamu zetu. Huku tu wazima, ila baridi inanisumbua magoti. Naamini umerudi salama kutoka Kihagara, na kwamba kikohozi cha shemeji kimepungua.

Umeuliza kikao cha binti yangu Agneta na mumewe kilikwendaje. Agneta alikuwa Mbinga, ofisini kwa mwanasheria anayewasuluhisha. Mimi na mumewe Festo tulishiriki kwa simu, kila mtu kwake. Mwanasheria ana programu inayosikiliza maneno, kisha inaandika mapatano ya talaka. Ilianza kwa kutuambia sote shikamooni. Kitu kinachomwamkia mkwe wangu sawasawa na mimi, sikukiamini tangu hapo.

Festo alisema kwamba shamba la mlimani amelilima peke yake miaka yote. Agneta alinyamaza, unamjua, habishani mbele ya watu. Programu ikaandika kwamba mke hana pingamizi, shamba ni la mume. Kiswahili chake hakikuwa na kosa hata moja, nami shaka ikanizidi. Ilibaki Agneta abonyeze "Nakubali".

Nikamwomba Festo atoke nje na simu, atuonyeshe shamba.

"Baba, bando litaisha."

"Basi tembea upesi."

Alitembea. Majani alikwisha kuyafyeka na kuyapanga mirabamiraba, kazi ya mwanamume, lakini yalikuwa yamekauka juu ya ardhi. Hakuna hata mraba mmoja uliochimbwa ngoro, lile shimo ambalo mwanamke hufukia majani kwa udongo wake.

"Nani huchimba ngoro hizo kila mwaka?" nikamuuliza.

Aliyejibu ni Agneta, kwa sauti ndogo: "Mimi, baba. Tangu nilipoolewa."

Mwanasheria aliifuta aya ile, akasema programu itaandika upya Alhamisi. Kufuta nimekuona, kuandika upya sijakuona. Kwa hiyo siku hiyo nenda ukaketi na Agneta. Asibonyeze chochote kabla hujamsomea kila mstari, na ukikuta neno ambalo hakulitamka, ondokeni.

Nisalimie shemeji, dada yetu aliye Mbaha, na katekista jirani yako. Agneta mwambie kwamba siku aliporudi kwetu huko na watoto na jembe begani, nilishangaa kwa nini alibeba jembe. Sasa sishangai. Asimwazime mtu jembe hilo, mvua bado zipo, na majani yale yanamngoja.

Mimi kaka yako,
Mwalimu Deogratias